Arjuna Aliketi Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Faraja ya Sonona Katika Mafundisho ya Kihindu

Mwezi wa saba Moshi hauna huruma. Wingu linashuka hadi juu ya mabati, mlima unapotea wiki nzima, na baridi inakaa mifupani mpaka saa sita mchana. Mwaka niliougua nilikuwa mtunza hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Asubuhi moja nilifungua daftari la mauzo ya jana nikashindwa kujumlisha mistari mitatu. Hesabu nilikuwa naijua. Kalamu ndiyo ilikuwa nzito, nzito kama nondo. Mama yake mwenye duka, bibi wa Kigujarati ambaye wafanyakazi wote tulimwita Ba, alinitazama kutoka kwenye kiti chake pembeni ya mizani ya misumari, akasema, "Dikra, leo wewe ni Arjuna." Dikra ni mwanangu kwa lugha yao. Arjuna sikumjua; nilidhani ni mfanyakazi wa zamani aliyefukuzwa kwa uvivu.

Niliyojifunza kwa Ba mwaka uliofuata nayaweka hapa, kwa mpangilio ambao ungenifaa siku ile. Mimi ni Mlutheri, nimebaki Mlutheri, na Jumapili bado naimba besi kwenye kwaya, kwa hiyo usiogope kwamba unahamishwa dini. Kama wewe ni Mhindu, mengi ya haya umeyasikia tangu utoto. Huenda tu hukuwahi kuyasikia ukiwa umelala saa nne asubuhi unaangalia ukuta, na ukiyasikia katika hali hiyo yanakuwa maneno mengine kabisa.

Hatua ya kwanza: hospitali kabla ya kitabu

Sonona haifanani na huzuni ya kufiwa wala uchovu wa mwisho wa mwezi. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, moyo uko chini au hakuna kinachokupa raha, na pamoja na hayo usingizi umevurugika, chakula hakipiti au unakula bila kipimo, nguvu zimekwisha, unajilaumu, akili haishiki jambo, basi hilo ni suala la daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua, na haya ni maradhi.

Kwa Moshi kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi, na ipo KCMC. Kwa Arusha kuna Mount Meru. Kituo cha afya kilicho karibu nawe kinaweza kukuanzia na kukuandikia rufaa. Dirishani sema, "Naomba kuonana na mtaalamu wa afya ya akili." Ukiona haya kwa sababu foleni inasikiliza, sema hupati usingizi, halafu ukiingia ndani sema yote. Mimi nilisema usingizi peke yake mara mbili, nikapewa dawa ya usingizi mara mbili, na hilo lilikuwa kosa langu.

Ukiandikiwa dawa za sonona, jua kwamba hazifanyi kazi kama dawa ya kichwa. Huchukua wiki kadhaa kabla hujahisi tofauti, na hupaswi kuziacha ghafla kwa sababu umejisikia nafuu au kwa sababu mtu amekuombea.

Kama mawazo ya kufa yamekuja, usilale peke yako leo. Mwambie mtu mmoja kwa maneno ya wazi, bila mafumbo, na mwende pamoja kitengo cha dharura cha hospitali yoyote, saa yoyote. Dawa za shamba, vidonge vilivyorundikana na chochote unachoogopa kuwa nacho karibu vipelekwe kwa jirani. Mtoto au kijana aliye chini ya miaka 18 anaweza kupiga 116 bila malipo.

Kama unadhani mwenye imani hahitaji haya, Ba humeza kidonge chake cha presha kabla ya kuwasha taa ya sala ya asubuhi. Nilimuuliza mbona asianze na sala. "Mungu hajawahi kuona wivu," alisema.

Hatua ya pili: soma sura ya kwanza, usiiruke

Arjuna yumo katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Kina sura 18 na beti 700, na chenyewe ni kipande cha utenzi mkubwa zaidi, Mahabharata. Watu wengi wakikupa Gita wanakufungulia sura ya pili, kwenye mafundisho. Anza na ya kwanza.

Majeshi mawili ya ndugu wa ukoo mmoja yamesimama uwanjani Kurukshetra. Arjuna, mpiga mishale ambaye hakuna wa kumshinda, anamwambia dereva wa gari lake la vita alisimamishe katikati. Anatazama upande wa pili anaona babu yake, walimu wake, wajomba, watoto wa baba yake mkubwa. Na pale, kuanzia ubeti wa 28 hadi wa 30, mwili wake unakataa. Viungo vinalegea, mdomo unakauka, mwili unatetemeka, vinyweleo vinasimama, ngozi inaungua, upinde wake Gandiva unamponyoka mkononi, kichwa kinazunguka. Sura inaisha akiwa ameketi ndani ya gari, upinde na mishale chini.

Sura hiyo inaitwa Arjuna Vishada Yoga, yaani yoga ya huzuni ya Arjuna. Nilipoelezwa hivyo nililazimika kuuliza tena. Kila moja kati ya sura 18 inaitwa yoga, njia ya kumfikia Mungu, na njia ya kwanza kabisa ni mtu kuanguka. Kitabu hakikumficha jikoni mpaka apone ndipo kianze.

Sasa tazama dereva, ambaye ni Krishna, Mungu mwenyewe. Katika sura yote ya kwanza anatamka sentensi moja tu. Mengine yote anasikiliza. Mwanzoni mwa sura ya pili anafungua mdomo, na anafanya kile ambacho wajomba zetu wote wangefanya: anakaripia. Unyonge huu umekujia wapi saa kama hii? Acha kuwa dhaifu, haikufai, simama! Ni "jikaze" ya Kisanskriti.

Je, Arjuna anasimama? Hasimami. Anajibu kwa uchungu zaidi, anasema huzuni hii inakausha hisi zangu na sioni cha kuiondoa, anasema "sitapigana", kisha ananyamaza. Ni beti chache tu, zinapita haraka, lakini kwa mgonjwa ndizo mhimili wa kitabu. "Jikaze" imesemwa na Krishna mwenyewe, na haikufanya kazi. Ndipo anaanza upya, safari hii kwa tabasamu, na anazungumza naye mpaka sura ya 18, akiulizwa maswali, akirudia, akibadilisha mifano. Karibu na mwisho, ubeti wa 63 wa sura ya 18, anamwambia: yatafakari yote haya, kisha fanya upendavyo. Amri imekwisha kuwa mazungumzo.

Mapandit wengi, yaani wasomi wa dini ya Kihindu, husoma lile karipio kama dawa ya kumzindua mgonjwa. Sibishani nao. Mimi nilisoma nikiwa mgonjwa, na niliona kwamba mgonjwa hakuzinduka.

Kama vita inakukwaza, Gandhi aliipenda Gita kuliko karibu kitabu chochote na aliusoma uwanja ule kama moyo wa binadamu. Unaweza kufanya hivyo.

Kazi ya hatua hii ni fupi. Soma, au omba usomewe, zile beti tatu. Kisha chukua karatasi uandike mwili wako unafanya nini, bila kueleza sababu. Yangu ilikuwa hivi: kalamu nzito, taya linauma, naamka saa tisa usiku, wali hauna ladha, sauti ya watoto inanichoma. Hiyo karatasi niliibeba kwa daktari ziara ya tatu. Ilisema ndani ya dakika moja kile ambacho mdomo ulishindwa mara mbili.

Hatua ya tatu: tafuta dereva

Arjuna hakupewa kitabu akasome peke yake. Alipewa mtu aliyekuwa naye ndani ya gari lile lile. Wewe nawe unahitaji mtu mmoja. Usimchague mwenye ushauri mwingi. Mchague yule anayeweza kukaa nawe kimya mpaka chai ipoe bila kuona aibu ya ukimya huo. Mara nyingi si yule uliyemtarajia. Kwangu haikuwa ndugu wala rafiki wa kwaya, ilikuwa ajuza wa dini nyingine ambaye kiti chake hakikutoka pembeni ya mizani.

Ukikosa maneno, tuma haya: "Shikamoo shangazi. Siko vizuri, na si mwili tu. Naomba nije nikae kwako kesho saa kumi. Ushauri kwa sasa siuwezi, naomba tu nisiwe peke yangu."

Na kama wewe ndiye dereva wa mtu mwingine, kuna habari katika Ramayana, utenzi mwingine mkubwa wa Kihindu, inayokuhusu. Bibi aitwaye Sita, mke wa Rama, ametekwa na Ravana, mfalme wa mashetani, amefichwa Lanka katika bustani ya miti ya ashoka, neno lenye maana ya pasipo huzuni, na humo ndimo analia mpaka anakata tamaa ya kuishi. Hanuman, nyani shujaa aliyetumwa na Rama, anamfikia, amejificha juu ya mti. Anaweza kuruka chini na kutangaza habari njema. Badala yake, kwa masimulizi ya Valmiki, mtunzi wa utenzi huo, anakaa kwanza anawaza: nitumie lugha gani nisimtishe? Anaamua kuacha usemi wa wasomi, achukue maneno ya watu wa kawaida, na anaanza taratibu kusimulia habari za Rama ili Sita asikie sauti kabla hajamwona msemaji. Namna hiyo ndiyo ya kuingia chumbani kwa mtu mwenye sonona. Acha "amka bwana, jua limetoka." Anza kwa mbali, kwa sauti ya chini, na habari anayoipenda.

Hatua ya nne: pumzi, halafu punje

Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga, katika kitabu chake Yoga Sutra, anasema akili iliyotawanyika huja na wenzake wanne: maumivu, kukata tamaa, mwili kutetemeka, na pumzi isiyotulia. Kati ya hao wanne, kukata tamaa huwezi kukushika kwa mkono. Pumzi unaweza. Anza na ncha unayoifikia.

Kaa kwenye kiti au kigoda, mgongo wima lakini usijikaze, miguu yote chini. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne. Itoe polepole ukihesabu hadi sita. Mara kumi. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kawaida. Usibane pumzi na usijaribu yale mazoezi ya kupumua kwa kasi unayoyaona kwenye simu.

Sasa onyo ambalo wauzaji wa utulivu hawalitoi: mwenye sonona nzito asianze kwa kukaa kimya nusu saa macho yamefumbwa. Kimya kile anakijaza mwenyewe kwa mashtaka. Nilijaribu siku nne, nikatoka nikiwa mbaya kuliko nilivyoingia. Ba aliponisikia akacheka kidogo, akafungua kisanduku chake, akatoa mala.

Mala ni ndugu wa tasbihi na rozari. Ina punje 108, na juu yake punje moja kubwa iliyotokeza. Unaishika mkono wa kulia, uzi ukilala juu ya kidole cha kati, na dole gumba linavuta punje moja moja kuja kwako. Kidole cha shahada hakigusi. Kila punje, neno moja. Wahindu wanaweza kusema Om Namah Shivaya, au Ram, au jina walilopewa na mwalimu wao. Mimi nilisema "Bwana, unihurumie", na Ba hakuwa na neno. Muislamu ana nyiradi zake tayari. Sema kwa sauti ya kunong'ona, sikio lisikie, kwa sababu akili iliyochoka inahitaji kitu cha kushika.

Usianze na 108. Anza na 27, robo yake. Mawazo yatakimbia, utajikuta punje ya kumi hukumbuki ya sita. Endelea tu ulipo, usirudi kusahihisha.

Ile punje kubwa inaitwa meru, kama mlima ambao katika simulizi za kale za Kihindu ni kitovu cha dunia. Mtu wa Arusha lazima atatabasamu hapa. Mlima Meru wa kwetu una jina lake kwa watu wake na majina yamekutana tu njiani. Lakini kanuni ya punje hiyo imenikaa: ukifika meru huivuki. Unageuza mala na kurudi ulikotoka. Kwa mtu ambaye kila asubuhi alidhani ni lazima apande mlima wote, kuambiwa kwamba ukifika unageuka ilikuwa ruhusa niliyokuwa nimeikosa.

Hatua ya tano: miguu na sufuria

Wahenga wa Kihindu wanasema maumbile yote yamesokotwa kwa nyuzi tatu: tamas, ambao ni uzito na giza; rajas, ambao ni mwendo na pupa; na sattva, ambao ni uwazi na utulivu. Mwenye sonona amezama katika tamas. Kosa ni kutaka aruke moja kwa moja kwenye sattva, yaani atafakari, atulie, ashukuru. Kati yake na huko kuna mwendo. Swami Vivekananda, mwalimu wa Kihindu aliyeishi 1863 hadi 1902, aliwaambia vijana wa India kwamba wangekuwa karibu zaidi na mbingu kwa kucheza mpira wa miguu kuliko kwa kusoma Gita. Aliyesema hivyo alikuwa mtawa, na Gita aliiheshimu mno.

Kwa hiyo tembea. Kwa wiki ya kwanza, kutoka mlangoni hadi dukani kwa mangi na kurudi kunatosha. Kwa Moshi una barabara zenye miti mikubwa. Kwa Arusha ukiamka mapema unapata hewa kabla ya msongamano. Nenda asubuhi kama dawa zinakuruhusu, mwanga wa jua ukupige usoni. Hakuna siri ya kiroho hapa na sitakutengenezea.

Chakula kina maelekezo yake. Gita, sura ya sita, beti za 16 na 17, inasema yoga haimfai anayekula kupita kiasi wala asiyekula kabisa, anayelala mno wala anayekesha. Sonona inakupeleka kwenye ncha hizo zote, mara nyingine ndani ya wiki moja. Ba alikuwa na jibu lake kwenye hotpoti: khichdi. Mchagga ataielewa haraka nikisema ni mtori wa Wagujarati, chakula cha mgonjwa, cha mtoto na cha siku ambayo mpishi naye hana nguvu.

Osha nusu kikombe cha mchele na nusu kikombe cha choroko zilizokobolewa. Weka sufuriani na maji vikombe vinne, robo kijiko cha chai cha manjano, chumvi. Funika, moto mdogo, kama dakika 35 au mpaka ilainike kama uji mzito; ongeza maji ikikauka. Kwenye kikaango kidogo yeyusha kijiko cha samli, tupia nusu kijiko cha chai cha binzari nyembamba, ikianza kurukaruka mimina yote juu ya sufuria. Itapiga kelele. Ile harufu ndiyo kitu cha kwanza nilichokinusa kwa hamu baada ya wiki saba. Nilikula vijiko vitano, Ba akahesabu.

Hatua ya sita: funga safu ya mapato

Hapa ndipo mtunza hesabu nilipoguswa pabaya. Nilikuwa na kaunta buku kichwani: miaka, mshahara, kiwanja ambacho sijajenga, wenzangu niliosoma nao wamefika wapi. Kila jioni nilifunga mahesabu na kila jioni ilikuwa hasara.

Ubeti wa 47 wa sura ya pili ndio unaonukuliwa kuliko yote: haki yako ni kutenda, kamwe si matunda ya tendo. Watu hukomea hapo. Mwisho wake unasema pia, wala usishikamane na kutotenda. Nusu ya kwanza inakutua mzigo, nusu ya pili inakutoa kitandani, na ukichukua moja bila nyingine umeumia. Beti saba kabla yake, wa 40, unasema katika njia hii hakuna juhudi inayopotea, na hata kidogo chake huokoa na hofu kubwa.

Nilifanya hivi. Nilinunua daftari dogo, nikapiga mistari miwili ya safu kama ninavyopiga kazini. Safu ya kushoto: nilichofanya. Safu ya kulia, ya mapato, niliiacha tupu na nikajikataza kuandika. Siku ya kwanza: "Nimefuta vumbi rafu ya misumari ya inchi tatu." Ya pili: "Nimeoga." Ya tatu hakuna kitu, na sikuijaza baadaye kwa kudanganya. Chagua tendo dogo kiasi cha kuchekesha, lenye mwanzo na mwisho, ikiwezekana lenye faida kwa mtu mwingine, maana hilo nao wanaliita seva, huduma. Kufuta rafu kulimfaa kijana wa stoo. Usijiulize kama kumekusaidia. Hilo swali ni la safu ya kulia.

Nilipomwonyesha Ba lile daftari alilipitia kwa umakini wa mtu aliyekagua vitabu vya duka miaka arobaini. Alifunga akasema, "Hesabu hii haina deni."

Jambo la kujihadhari: karma isiyo karma

Atatokea mtu wa kukuambia unaugua kwa dhambi za maisha yaliyopita. Kwa upande wetu Wakristo anayefanana naye husema laana ya ukoo au mapepo. Mjibu kwa Gita yenyewe: katika sura zote 18, Krishna hakumuuliza Arjuna hata mara moja ametenda dhambi gani hadi akatetemeka. Mafundisho ya karma yamekusudiwa kukuambia unachofanya sasa kina uzito. Anayeyageuza kuwa hati ya mashtaka juu ya mgonjwa ameyashika kichwa chini. Nyota, mawe ya pete na ibada za malipo makubwa za "kuondoa mikosi" vipo pia. Weka pesa yako kwenye nauli ya kliniki. Na yeyote anayekuambia uache dawa, awe pandit, mchungaji au shehe, umsalimie na uondoke.

Hatua ya saba: ukitaka kwenda hekaluni

Moshi na Arusha zote zina mahekalu ya Kihindu mjini, na mgeni mwenye adabu kwa kawaida hupokelewa. Nenda na mwenyeji mara ya kwanza, au uulize mlinzi saa za aarti, ibada ya taa, ambayo huwa asubuhi na jioni. Vaa nguo za heshima. Viatu vinabaki nje, na pale penye rafu ya viatu nilikumbuka ile methali yetu, Baniani mbaya kiatu chake dawa, tuliyoirithi bila kumuuliza Baniani mwenyewe. Ba anaijua. Anasema kiatu chake hakijatibu mtu ila kimemtibua mjukuu mmoja.

Ndani, kaa sakafuni pembeni. Kengele, ubani, nyimbo za kuitikiana ambazo hutaelewa maneno yake. Usijali. Taa ya samli ikipitishwa, wenyewe hupitisha viganja juu ya mwali na kugusa uso. Ukiona si mahali pako, inamisha kichwa tu. Prasadi, chakula kilichobarikiwa, pokea kwa mkono wa kulia. Kama dini yako inakuzuia kukila, sema kwa upole kabla hujapewa. Usipige picha bila kuuliza. Na usishangae mzee mwenye mvi akiitwa Dada: kwa Kigujarati dada ni babu na kaka ni baba mdogo, jambo lililonifanya nitafute dada wa mtu kwa dakika tano.

Kilichonisaidia kule kilikuwa sauti ya watu arobaini wanaoimba bila kunihitaji niwe na furaha. Kwaya yangu ingeweza kunipa hicho hicho, lakini kwaya ilinijua, na kila mtu angeuliza. Kama kwako ni kinyume, nenda kwenye kwaya.

Siku mbaya zikirudi

Zitarudi. Katika sura ya sita Arjuna analalamika kwamba akili haishikiki, ni kama kuushika upepo. Krishna anakubali: bila shaka ni ngumu. Kisha anataja vitu viwili, mazoezi ya kurudia na kuachilia. Huko kukubali kwanza kulinifaa zaidi ya dawa aliyoitaja. Na ubeti wa 14 wa sura ya pili unasema baridi na joto, raha na maumivu, huja na kuondoka, yavumilie. Mtu wa Moshi anaujua ubeti huo bila kusoma. Ameshaona mlima ukipotea mwezi wa saba.

Andaa mapema orodha ya siku mbaya, iwe fupi, ubandike ndani ya mlango wa kabati. Yangu ina vitu vinne: dawa, pumzi kumi, punje 27, ujumbe kwa mtu mmoja. Daftari siku hiyo linaruhusiwa kulala. Siku mbaya zikifuatana kwa wiki, rudi kliniki kabla ya tarehe uliyopangiwa, usisubiri.

Mwezi wa saba uliopita nilirudi. Daktari alibadilisha kipimo cha dawa, na kwa siku tano sikwenda kazini. Ba alituma khichdi kwa bodaboda, hotpoti ile ya bluu iliyopasuka mfuniko. Nilimpigia kumshukuru, nikasema kesho nitampa huyo huyo kijana airudishe.

"Hapana dikra," alisema. "Hotpoti yangu inaletwa na aliyekula."

Niliipeleka Jumamosi, kwa miguu.